Miaka Yangu na Mihuri ya Mama Chuma

Shemeji yangu Zabuloni alisema kuna mambo matatu sitayaweza. Alisema sitamaliza wiki moja kwenye kazi ya mezani. Alisema jina langu halitaandikwa popote katika nchi hii isipokuwa kwenye bili ya umeme. La tatu alilisema akiwa amesimama mlangoni kwake hapa Iroquois, mtaa wa Louisville, kikombe cha chai mkononi, mbele ya mke wake, ambaye ni dada yangu tumbo moja.

"Bon, shemeji. Bazungu batakupatia mabarua ya babu yao uchunge? Wewe? Mu hii inchi hakuna mutu atakukopesha hata kijiko."

Nilikuwa nafunga kamba za viatu, niende siku yangu ya kwanza kazini. Dada yangu Naomi akanipita kama anayekwenda kufunga dirisha, akanitumbukizia kitu mfukoni. Kilikuwa kijiko cha chai, chembamba, mpini wake bapa.

"Nimekukopesha," akaninong'oneza. "Urudishe."

Kwa hiyo neno la tatu la Zabuloni lilianguka kabla sijafika barabarani. Hayo mawili mengine nitayaangusha hapa, moja baada ya jingine.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu. Nimerudi Louisville nilikoanzia, baada ya Columbus na Buffalo, na nimerudi na jina. Ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye meza niliyoiacha kule Columbus mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Vyeo sitavitaja, mishahara pia. Mwenye kutaka kujua mshahara wangu na aangalie paa la nyumba niliyomjengea mama. Nitaandika juu ya kazi.

Kwa wasiotujua: kampuni yetu hupokea barua za zamani kutoka kwa familia na wakusanyaji, huzipanga, huandika kila moja ni nini na imetoka wapi, kisha huzionyesha au kuziuza mnadani. Watu wengi hudhani thamani iko kwenye stempu. Mara nyingi iko kwenye muhuri uliogongwa juu ya stempu, ambao sisi wa Kivu tunauita kashe. Stempu inakuambia barua ililipiwa. Kashe inakuambia ilikuwa wapi, siku gani, na mikononi mwa nani.

Mimi kashe nilizijua kabla ya kuijua Amerika. Kwetu, milimani Kivu Kusini, nilikuwa karani wa posta ya chumba kimoja, dirisha moja na mizani moja. Chef wangu, yaani mkuu wa posta, alikuwa na amri moja tu: barua ikifika, igeuze, igonge kashe ya tarehe mgongoni, ndipo usome jina. Barua isiyo na kashe mgongoni bado haijafika, hata kama mwenyewe ameishika na anailia machozi. Niligonga migongo ya barua miaka sita. Mkono wangu ulifika mahali pa kugonga peke yake, nami nikiwa nasalimiana na watu dirishani. Lishikeni hilo, maana litarudi.

Siku ya kwanza kwenye ghala la kampuni, Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, nilifika na diploma yangu ya serikali ndani ya plastiki. Msimamizi wa ghala aliitazama, akaigeuza, akaniuliza kama ninaweza kubeba masanduku.

"Mwenye diploma anabeba vizuri zaidi," nilimjibu. "Anajua anachobeba."

Kiingereza changu wakati huo kilikuwa kikitembea kwa magongo, lakini alicheka. Nilibeba masanduku majira mawili ya baridi. Kisha sanduku moja, ambalo si mimi niliyelifunga, likapasuka chini, barua zikatawanyika sakafuni kama unga. Wenzangu walianza kuzirundika kwa rangi za stempu, nyekundu huku, kijani kule. Mimi nilipiga magoti nikazipanga kwa mihuri: mji kwa mji, tarehe kwa tarehe. Msimamizi alipokuja na ufagio, akakuta sanduku limepangwa vizuri kuliko lilivyokuja. Jumatatu iliyofuata nilikuwa mezani. Wiki ikaisha, ikaja nyingine, nikakaa mezani mpaka nilipostaafu. Neno la kwanza la Zabuloni ndilo hilo, limelala chini.

Walinihamishia Columbus kwa sababu ya Bi Odessa. Alikuwa mama wa miaka zaidi ya sabini, Mmarekani mweusi, mfupi, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na alikuwa akitafuta mtu wa kumwachia anachokijua. Alikuwa amechosha vijana watano. Siku ya kwanza aliniwekea bahasha moja mezani akaniambia niisome. Nikasoma jina la mpokeaji kwa sauti, nikijisikia msomi.

"Umesoma pambo," akasema. "Geuza."

Nikaigeuza.

"Mbele ni mahali mtu anapojipamba. Ushahidi uko nyuma. Anza nyuma kila siku ya maisha yako."

Karibu nimkumbatie. Ni kama chef wangu wa milimani alikuwa amezaliwa upya Ohio, amevaa sketi.

Alinifundisha kunawa mikono na kuikausha mpaka iwe kama karatasi, kwa sababu glovu hufanya vidole kuwa vijinga. Alinifundisha kushika bahasha kwa kibano chenye ncha butu, kutazama wino kwa lenzi, na kutoulamba ulimi wa bahasha hata kwa mzaha. Mimi nami nilimfundisha kitu. Kuingia ndani ya bahasha ya miaka mia bila kuipasua mdomo kuna vifaa vyake maalumu, virefu, vya bei. Mimi nilitumia mpini wa kijiko cha Naomi.

"Gedeoni, kampuni ina vifaa," alisema.

"Ninavyo. Lakini hiki kimekopwa, kwa hiyo nakitumia kwa adabu."

Baada ya mwezi nilimkuta amekichukua, anafungulia barua nacho, anajifanya hanioni.

Kulikuwa na meli moja ya kivita ya mwanzo wa karne iliyopita, manowari ya chuma yenye mizinga mikubwa, ambayo Bi Odessa aliijua kuliko mtu yeyote. Meli yenyewe ilivunjwa zamani ikauzwa vyuma. Kilichobaki ni barua za mabaharia wake. Nilipochoka kulitamka jina lake refu nikaiita Mama Chuma, na mezani kwetu jina likashika. Hata Bi Odessa alilisema, kwa matamshi ya kuchekesha.

Historia ya Mama Chuma unaweza kuisoma yote kwenye kashe. Miaka ya kwanza meli haikuwa na posta. Baharia aliandika, mwenzake akazichukua barua zote kwenye mfuko hadi bandarini, zikagongwa muhuri wa mji uliokuwa karibu. Kwa hiyo barua za wakati huo zinaonekana kama za mtu anayehamahama kama mimi. Baadaye serikali iliruhusu meli kuwa na posta zake. Baharia mmoja akafanywa karani, akapewa muhuri wenye jina la meli ndani ya duara, na kando ya duara mistari minene ya kuziba stempu. Katikati ya mistari hiyo karani aliweza kupanga vijiherufi vya mahali meli ilipotia nanga. Vita vilipokuja, jina la mahali likatolewa, afisa akaanza kutia saini ndogo kuonyesha kwamba barua imekaguliwa. Mabaharia wakaandika habari za chakula tu. Nimesoma malalamiko mengi juu ya maharage kuliko mchungaji yeyote.

Sasa neno la pili. Siku moja alikuja mtu mwenye viatu vinavyong'aa, na bahasha kumi na mbili za Mama Chuma, safi, kila moja na jina la bandari nzuri kati ya mistari. Ofisi nzima ilifurahi. Walikwishaanza kupanga picha za katalogi. Mimi nikazilaza mezani mstari mmoja, nikazitazama mpaka chai ikapoa.

"Si za kweli," nikasema.

Mwenye viatu akanitazama kuanzia kichwani. "Na wewe umesomea wapi mihuri ya jeshi la wanamaji?"

"Dirishani," nikamwambia.

Nikamweleza, na ninyi pia shikeni. Ule muhuri ulikuwa kipande kimoja: duara na mistari vilishikana kwenye mpini mmoja, vikigonga pamoja kwa pigo moja. Mkono ukipinda, vyote viwili vinapinda pamoja. Nafasi kati yao haiwezi kubadilika, kama nafasi kati ya macho yako. Lakini katika bahasha zake, duara lilikuwa karibu na mistari hapa, mbali pale, na katika moja duara lililala upande huu na mistari upande ule. Mtu alikuwa na mihuri miwili, akigonga mara mbili. Hakuna karani wa meli mwenye magunia ya barua na bahari inayotikisika anayegonga mara mbili akiweza kugonga mara moja. Huyo aliyezitengeneza hakuwahi kuwa na foleni mbele yake.

Bi Odessa alichukua rula akapima zote kumi na mbili. Kisha akavua miwani yote miwili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwenye viatu akakumbuka kwamba gari lake ameliegesha vibaya. Katalogi ilipotoka bila bahasha zake, kwenye ukurasa wa barua za kweli za Mama Chuma paliandikwa jina langu kuwa ndiye mchunguzi. Nilimtumia Zabuloni nakala. Akanipigia simu.

"Donc wameandika jina yako. Wameandika vibaya, wamesahau herufi moja."

Kwa hiyo sikulihesabu. Nilisubiri.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, kampuni iliamua kufanya maonyesho Columbus: Mama Chuma mzima, kutoka kashe ya kwanza hadi ile ya siku aliyoshusha bendera akaondolewa jeshini. Barua zilizohitajika hazikuwa zetu. Zilikuwa kwenye droo na Biblia za familia za watu. Wengi wao walikuwa Buffalo na vitongoji vyake, na hawakutaka kuuza. Ilibidi mtu aende kuzikopa kwa neno la mdomo na karatasi moja ya saini, na saini iwe ya mtu, maana wenyeji hawakutaka kusikia habari ya kampuni. Nikaenda mimi. Nilifikia kwa watu wa kanisa letu East Side, nikipiga milango ya watu kwenye theluji inayofika magotini. Familia tisa zilinikopesha. Kwa kila moja nilisema maneno yaleyale: "Itarudi kama ilivyo. Mimi mwenyewe nitaileta." Fahamuni uzito wake. Kama moja tu ingeharibika, basi Zabuloni alikuwa amesema kweli mlangoni kwake, na si juu yangu peke yangu. Ni nani angemfungulia mlango Mkongomani mwingine anayefuata nyuma yangu?

Wa tisa alikuwa Bi Marjorie. Babu yake ndiye aliyekuwa karani wa posta ndani ya Mama Chuma. Siku muhuri mpya ulipoingia melini, alimwandikia mchumba wake Buffalo, na barua hiyo ndiyo aliyoigonga ya kwanza. Ndani yake anasema hivyo, na kwamba amejipaka wino kwenye kola. Bi Marjorie alinikalisha kwenye kochi, akanilisha keki, akaniuliza maswali kama polisi. Mwishoni akaniwekea bahasha mkononi.

"Sijawahi kuitoa nje ya nyumba hii," alisema. "Hata kwa kaka yangu."

Niligeuza, kama nilivyofundishwa. Mgongoni palikuwa na kashe ya kufika ya posta ya Buffalo, imefifia, ya wakati uleule. Kando yake nafasi tupu, safi.

Sasa niseme kosa langu, na mwenye kucheka acheke. Mimi nilikuwa na kashe yangu. Niliinunua Louisville kwenye duka la vifaa vya ofisi, yenye tarehe za kuzungusha, nikapanga herufi zake mwenyewe: IMEPOKELEWA. Mzungu anaridhika na saini. Kwetu karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga. Kwa hiyo kila hati ya mkopo niliigonga, na wino wangu ulikuwa wa zambarau, wa heshima. Mchana huo nilikaa kwenye meza ya jikoni ya wenyeji wangu East Side, barua tisa upande huu, hati tisa upande ule. Mama mwenye nyumba akaanza kunisimulia habari za harusi iliyovunjika. Nikawa nasema "ehe," "kweli?" huku mkono ukifanya kazi. Hati, kashe. Hati, kashe. Kisha mkono ukakutana na mgongo wa bahasha wenye nafasi tupu kando ya kashe ya kufika, na mkono ukakumbuka chef wa milimani.

IMEPOKELEWA. Tarehe ya siku ile. Zambarau.

Nilipiga kelele hata mama wa watu akadhani bwana harusi yule ni ndugu yangu.

Nilimpigia Bi Odessa simu. Akasema kwa sauti ya kuhesabu: "Funga wino. Hiyo pamba uliyoishika, iweke chini. Usifute, Gedeoni. Anayefuta huharibu mara mbili."

Nikampigia na Naomi, nipate faraja, akapokea Zabuloni.

"Ni mgongoni? Bon, nyamaza. Nani anaangalia mgongo?"

"Mimi," nikamwambia. "Mimi naangalia mgongo. Ndiyo kazi yangu."

Nikavaa koti nikarudi kwa Bi Marjorie kabla ya chakula cha jioni. Nilimwonyesha. Nilimwambia ni mimi, si bahati mbaya ya posta, si maji, si mtoto. Aliichukua bahasha ile, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nilitegemea aninyang'anye barua na kuidai hata keki aliyonilisha.

"Meli haiwezi kwenda kwenye maonyesho bila barua yake ya kwanza," alisema. "Ichukue. Tutaongea ikirudi."

Hakuna sentensi iliyowahi kunikondesha kama hiyo. Maonyesho yalifana. Watu walipanga foleni kutazama barua ya Bi Marjorie, uso juu, wakinipongeza, na mimi nikitabasamu huku nikijua kilicholala chini yake. Bi Odessa alisimama karibu nami siku ya kufunga. "Sasa kazi iliyobaki ni kurudisha," alisema. "Ndipo utajua kama ulikuwa na kazi."

Nilirudisha kwa mkono, nyumba kwa nyumba, kama nilivyoahidi. Familia nane zilipokea barua zao, zikaweka saini, nikanywa kahawa nane. Bi Marjorie nilimwacha wa mwisho kwa makusudi, maana mtu akifukuzwa ni heri afukuzwe akiwa amemaliza.

Aliivaa miwani, akaigeuza bahasha mwenyewe.

"Hili neno maana yake nini?"

"Kwamba barua imefika. Na kuna mtu amekubali kwamba imefika kwake."

Akaweka kidole kwenye kashe ya zamani ya Buffalo. "Huyu aliyegonga huu, nilipokuwa mtoto nilimuuliza bibi yangu ni nani. Hakujua. Alisema ni mtu wa posta tu. Nimejiuliza maisha yangu yote kama alijua amebeba nini." Akafungua droo, akatoa penseli laini. "Wewe hutaniacha nijiulize. Andika jina lako chini ya hilo neno. Dogo. Na uandike sawasawa."

Niliandika. Mkono uliogonga mamia kwa mamia bila kufikiri uliandika herufi saba mojamoja. Sasa jina langu liko mgongoni mwa barua ya kwanza ya Mama Chuma, bila kukosa herufi, na hilo nililihesabu.

Nilirudi Louisville siku iliyofuata, nikaenda moja kwa moja Iroquois, maana bado alibaki mkopeshaji mmoja. Naomi alikuwa jikoni. Zabuloni alikuwa mezani, kikombe cha chai mbele yake. Nikaweka kijiko kando ya kikombe, kimesuguliwa, mpini umeng'aa kwa kazi.

"Hii ni kijiko gani?" akauliza.

"Cha kwako. Nilikopeshwa humu ndani siku ile uliposema hakuna atakayenikopesha."

Akamtazama mke wake. Naomi alikuwa ametugeuzia mgongo, mabega yanacheka.

"Donc mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kukukopesha," alisema Zabuloni taratibu, na nikaona anaanza kujivuna. Hivyo ndivyo alivyo. "Niliona mbali, unaona? Niliona mbali!"

Nilimtolea hati ya kurudisha kijiko, niliyoiandika kwa uzuri, nikamwomba aweke saini. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Kisha akaisukuma kurudi kwangu kwa kidole kimoja.

"Na kashe iko wapi? Karatasi bila kashe, shemeji? Unanichezea?"

Nikatoa kashe yangu mfukoni, nikafungua wino ambao Bi Odessa aliniamuru niufunge. Nikaondoa kijiko mezani, nikaondoa bahasha zote za bili zake, nikaigeuza ile hati mara mbili, mbele na nyuma, kuhakikisha ni hati. Ndipo nikagonga.